Mjadala: Peaky Blinders inatuvuta watu wazima kwa damu, au kuna kingine?

Mleta mada

Wakuu, heshima mbele.

Juzi nilikuwa msibani Ilala. Usiku wa pili, jiko la kahawa katikati, wazee upande wao, sisi wa makamo upande wetu. Mazungumzo yakaanzia kwenye ada za shule, yakapita kwa Simba na Yanga kama kawaida, yakaishia kwenye Peaky Blinders. Jamaa mmoja, baba wa watoto watatu, mtu wa swala tano, akasema misimu yote sita ameimaliza mara mbili. Mwenzake akamrukia: "Wewe na ndevu zako hizo, unakesha kuangalia watu wanachanana nyuso kwa wembe?" Akajibu kwa upole, "Mimi siangalii wembe." Akaulizwa, sasa unaangalia nini? Akanyamaza. Akajimiminia kahawa, na maongezi yakahama.

Swali lile nimerudi nalo nyumbani. Kwa ambaye hajaiona: ni tamthilia ya Uingereza, ilianza BBC Two Septemba 2013, ikafungwa Aprili 2022, sehemu 36 kwa jumla. Mtunzi wake, Steven Knight, alikulia Birmingham, na hadithi iko hukohuko, mtaa wa Small Heath, kuanzia mwaka 1919. Ndugu wa familia ya Shelby wamerudi kutoka vitani Ufaransa, wanachezesha kamari ya farasi bila kibali, na kwenye ukingo wa kofia zao wameshona nyembe. Anayewaongoza ni Thomas, anayeigizwa na Cillian Murphy. Kuna damu, kuna afyuni, kuna vitanda, kuna matusi, na moshi wa viwanda umetanda kiasi kwamba hata saa sita mchana utadhani magharibi imeingia. Ni kitu cha watu wazima, na kwa kanuni za huko vipindi vya namna hii havianzi kabla ya saa tatu usiku.

Wengi wanasema jibu ni jepesi: mtu mzima anavutwa na kile alichokatazwa mtoto. Mimi nakataa. Damu ni ngoma ya mlangoni, inakufanya ugeuze shingo. Kinachokukalisha ni kikao cha ukoo.

Iangalieni sehemu ya kwanza kwa jicho hilo. Arthur, kaka mkubwa, anarudi kwao uso umevimba kwa kipigo cha polisi, na ukoo unakutana. Sasa hapo angalia nani kakaa, nani kasimama, nani anasema neno na linapita bila kujibiwa. Arthur ndiye mkubwa kwa kuzaliwa, lakini kila mtu akishamsikiliza anageuza macho kwa Thomas. Yeye mwenyewe anajua. Aliyefiwa na baba akaona mdogo wake anashikishwa funguo za nyumba hahitaji kutafsiriwa ule uso. Halafu kuna shangazi yao, Polly. Wanaume walipokuwa vitani yeye ndiye aliyeendesha biashara, vitabu vyote vilikuwa mkononi mwake, leo vijana wamerudi wanamwambia asante, tupishe. Thomas ana siri: watu wake walitumwa kuiba pikipiki, wakabeba kreti siyo, ndani mna bunduki za serikali. Wote kawaficha, ila shangazi anambana faragha mpaka anatapika yote. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kanga, na Knight, sijui nani alimwambia, analijua hilo.

Na wazo lenyewe halikutoka kwenye damu. Knight amesimulia mara nyingi kwamba baba yake, akiwa mtoto wa miaka minane au tisa, alitumwa apeleke ujumbe kwa jamaa zao. Akakimbia pekupeku, akagonga, mlango ukafunguliwa, akaona wanaume wamevaa wakapendeza, wamezunguka meza iliyojaa hela, zama ambazo mtaa mzima hauna senti. Nao wanakunywa bia kwenye chupa za jamu, kwa sababu hawako tayari kutoa hela kununua glasi. Hiyo picha ndiyo iliyozaa tamthilia, na hamna tone la damu ndani yake. Kuna hela, kuna nguo, kuna ubahili, na mtoto mlangoni anayeangalia watu wa kwao asiowaelewa.

Nawasilisha. Mnipinge kwa hoja.

Kibanda Namba Tatu

Mkuu umeandika vizuri ila hujawahi kukata tiketi. Mimi nina kibanda umiza Mbagala, mwaka wa nane huu. Hiyo Peaky Blinders niliiweka usiku mmoja wa Jumatano, nikashika maiki mwenyewe natafsiri.

Nikupe picha. Kile kipande cha mwanzo, Thomas yuko juu ya farasi mweusi, anapita kwenye uchochoro wa Wachina, msichana anampulizia farasi unga mwekundu, watu wanakimbia kujificha: kibanda kimya, hata anayekula muhogo kaacha kutafuna. Nikasema leo nimepatia. Baada ya hapo wakaanza maongezi yao. Wanakaa, wanaongea, wanavuta sigara, wanaongea. Dogo mmoja wa benchi la mbele akaniuliza kwa sauti, "Bro, stelingi anapigana saa ngapi?" Mwingine: "Mbona adui hajulikani?" Wakaanza kutoka mmojammoja. Wawili wakadai hela yao.

Ilipofika dakika ya arobaini nilibaki na watu sita. Fundi cherehani, dereva wa bodaboda mmoja mwenye mvi, wazee wawili wa kijiweni, mama muuza karanga na mwanawe kalala mapajani. Yule mama hakuwa anauza tena. Kila Polly akitokea ananiambia nisinyamaze, nitafsiri yote, hata alipovuta pumzi tu.

Kwa hiyo ya kikao nakubali nusu. Nusu ya pili ni hii: kilichowaingiza wote, hata hao sita, ni bango nililobandika mlangoni, na kwenye bango kulikuwa na bastola. Hakuna aliyetoa hela ili amuone shangazi wa mtu.

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha historia, kwa hiyo nitakuwa mkorofi kidogo.

Mtu mzima ana tatizo ambalo kijana hana. Kijana anaangalia ujambazi na hamwombi mtu msamaha. Mtu mzima anataka ujambazi uleule ila anataka pia aonekane, hata kwa mkewe tu, kwamba anajifunza kitu. Basi anauvalisha ujambazi koti refu na kofia, anaweka "1919" chini ya skrini, roho inatulia: ni historia hii. Kwangu huo ndio ulimbo wa tamthilia zote za giza za zama zilizopita.

Sasa tuipime hiyo historia. Genge la kweli la Peaky Blinders lilitamba Birmingham miaka ya 1890, na kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia lilikuwa limeshapitwa. Tamthilia imelihamisha miaka thelathini mbele ili lipate majeraha ya vita. Nyembe kwenye kofia? Carl Chinn, mwanahistoria wa Birmingham ambaye babu wa ukoo wake mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wahuni, anasema ni ngano tupu: nyembe za kutumia na kutupa zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia, tena za bei, nani angezishona kwenye kofia? Billy Kimber, bosi wa kamari za farasi, kwenye msimu wa kwanza anapigwa risasi na kufa. Kimber wa kweli alikufa mwaka 1945, mzee, tena Torquay, kwenye upepo wa bahari.

Linaloniudhi zaidi ni Jessie Eden. Huyu mama alikuwepo kweli, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Mwaka 1931 kiwandani Lucas aliongoza wanawake kama elfu kumi kugoma, na mwaka 1939 akawa mbele kwenye mgomo wa kodi za nyumba Birmingham. Tamthilia imemfanyaje? Imempeleka kitandani kwa Thomas Shelby. Mwanamke aliyesimamisha kiwanda, watazamaji wamemjua kama mmoja wa wapenzi wa jambazi ambaye hata hakuwepo.

Chinn anawaeleza Peaky Blinders wa kweli kama watu wa kuonea wanyonge: wanavamia wapita njia wasio na hatia, wanashambulia polisi. Hakuna aliyekuwa na macho ya buluu na huzuni.

Mleta mada

Mwalimu, kwa Jessie Eden sina la kukujibu. Umenipata.

Ila kuhusu uongo kwa ujumla, ngoja kidogo. Kuna tamthilia ya Kimarekani, Deadwood, HBO 2004 hadi 2006, mji wa wachimba dhahabu Dakota mwaka 1876. Mule kuna matusi kila sentensi. David Milch, aliyeiandika, aliona kwamba matusi ya kweli ya zama zile yalikuwa ya kumkufuru Mungu, na leo mtu akiyasikia atacheka. Akaweka matusi ya sasa ili sikio la sasa lishtuke kama sikio la mwaka 1876 lilivyoshtuka. Neno ni la uongo, mshtuko ni wa kweli. Muziki wa Peaky Blinders naona ni mbinu hiyohiyo: watu wamevaa suti za 1919, wimbo wa kufungulia ni wa Nick Cave wa mwaka 1994.

Mwalimu wa Zamu

Mshtuko wa kweli nakuachia. Mwanafunzi akiniandikia kwenye mtihani kwamba Kimber alikufa 1919, nimpe maksi za mshtuko?

Binti Tanga

Mnazungumza kana kwamba hilo giza linamwangukia kila mtu sawasawa. Nimeangalia nyingi za namna hii, napenda mavazi yake, napenda majumba, sikatai. Lakini mimi mwanamke nikikaa kuangalia, najua tangu dakika ya tano nani atalipa.

Chukua Ripper Street, ile ya BBC ya mwishoni mwa 2012, London ya 1889, mtaa wa Whitechapel baada ya yule muuaji asiyekamatwa, Jack the Ripper. Ilipoanza tu watazamaji walilalamika kuhusu wanawake wanavyofanyiwa mule. Wanaume wana ofisi, wana fikra, wana majuto. Mwanamke ana maiti. Kisha tunaambiwa hii ni ya "watu wazima". Utu uzima gani huo unaopimwa kwa idadi ya wanawake waliolala juu ya meza ya daktari?

Peaky Blinders ni afadhali, na ni afadhali kwa sababu ya Helen McCrory, mwigizaji wa Polly, aliyefariki Aprili 2021 kabla msimu wa mwisho haujatoka. Lakini hata huyo Polly. Msimu wa pili Inspekta Campbell anamtaka kimwili kama bei ya kumtoa mwanawe jela, na anailipa. Mwisho wa msimu, kwenye mbio za Epsom, anamfuata Campbell kwa miguu yake na kummaliza kwa mkono wake. Nilishangilia, sisemi uongo, niliamsha watoto. Kesho yake wakati nafua nikajiuliza: mbona ili mimi nishangilie ilibidi yeye avunjwe kwanza? Thomas anapewa nguvu bure. Polly anauziwa.

Na Grace, mke wa Thomas, msimu wa tatu anapigwa risasi kwenye hafla ya hisani, tena ndio kwanza msimu umeanza. Amekufa ili mume apate huzuni inayopendeza kwenye kamera. Misimu iliyobaki anaitembeza hiyo huzuni kama saa ya mkononi.

Mleta mada umesema shangazi ndiye kiini. Sawa. Basi jiulize kwa nini bango la Kibanda Namba Tatu halikuwa na picha yake.

Kibanda Namba Tatu

Dada nimekusikia. Bango ningelitengeneza lenye Polly pekee, wallahi mama wa karanga angekuja na wenzake. Sijawahi kufikiria.

Mswahili wa Midlands

Nasoma huu uzi nikiwa kwenye basi, Birmingham, si mbali na Small Heath inayosemwa. Naishi huku mwaka wa kumi na tatu.

Small Heath ya leo mngeshuka mkaangalia, mngetafuta moshi msiuone. Kuna misikiti, maduka ya Wapakistani, Wasomali wengi, sambusa kila kona. Watalii huwa wanakuja na zile kofia, wanazungukazunguka, sura zimewashuka. Tena sehemu kubwa haikupigwa huku. Barabara ya nyumbani kwa kina Shelby ni mtaa mmoja Liverpool, jumba la kitajiri la Thomas liko Cheshire, na ile yadi ya mifereji na makaa ni makumbusho ya Dudley, jirani zetu.

Kuhusu wazungu wa huku wa makamo, nitasema ninachokiona ghalani ninapofanya kazi. Kuna mzee mmoja, kabakiza miaka miwili kustaafu. Kwake kilichomvuta ni lafudhi. Lafudhi ya Birmingham Uingereza nzima wanaicheka, kwenye televisheni mtu wa Birmingham miaka yote alikuwa bwege wa kuchekesha au mzembe. Siku aliposikia lafudhi ya mama yake inatoka kwa stelingi aliyevaa koti, tena watu wanamwogopa, alikaa wima kwenye kiti. Ni maneno yake: alikaa wima. Kuna kitu hapo, na wala si damu wala kikao. Ni mtu kuiona kwao imepewa ukubwa. Hata majina yamerudi: Arthur, jina la mababu kabisa, mwaka 2018 liliingia kwenye kumi bora ya watoto wa kiume, na watu wengi huku wanaamini ni tamthilia imelirudisha. Ada nalo, la dada yao, limefufuka.

Jambo la pili ni vita. Babu yake mzee huyu alikuwa Ufaransa, akarudi, na hakuna aliyemsikia akisema neno lolote kuhusu huko hadi anakufa. Anakaa tu kwenye ngazi ya nyuma usiku. Zama zile aliyevunjika akili vitani waliweza kumwita mwoga. Wanajeshi 306 wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi na wenzao kwa makosa kama utoro na woga, na serikali iliwasamehe mwaka 2006, wakati hakuna hata mmoja wa kusikia. Familia za huku zimelibeba hilo bila kulitaja. Halafu linakuja jambazi kwenye skrini, lina medali limezitupa, haliwezi kulala. Mzee anasema alipoona vile ndipo alipomwelewa babu yake kidogo, ingawa babu yake hakuwahi kuiba hata kijiko.

Mwalimu wa Zamu

Haya, hili limenigusa. Lakini angalia: aliyeguswa ni mwenye historia yenyewe. Sisi wa Ilala na Mbagala?

Mlezi

Mimi nina shida tofauti. Mnasema watu wazima, watu wazima. Kwangu anayeishi na Thomas Shelby ni mpwa wangu wa kidato cha pili. Picha yake ya WhatsApp ni Thomas kavuta sigara. Maneno chini yake: mwanamume wa kweli haongei, anatenda. Nikamuuliza, hiyo iko msimu wa ngapi? Hajui. Hajawahi kuangalia hata sehemu moja! Ana vipande vya sekunde ishirini vya TikTok, na nusu ya misemo iliyoandikwa juu yake Thomas hakuwahi kuitamka popote.

Nikakaa naye tukaiangalia kweli, sehemu mbili, na nilikuwa na kidole kwenye rimoti. Alichoka. Alisema, "Mjomba, mbona anaumwaumwa?"

Hapo ndipo nilipoona kinachoifanya iwe ya watu wazima. Ni urefu. Ndani ya saa nzima unaliona lile koti, kisha unaliona limevuliwa, mtu kajikunyata chumbani anavuta afyuni ili apate usingizi. Kipande cha sekunde ishirini kinakata kabla ya kuvuliwa. Mtoto anabaki na koti. Na si watoto tu: mwaka 2023 huko Marekani video moja ya kumpigia debe mgombea urais ilimtumia Thomas hivyohivyo, kama dume la mfano, na waandaaji wa tamthilia pamoja na Knight na Murphy ikabidi watoe tamko kwamba hawakuomba wala hawaungi mkono.

Kwa hiyo hata wakiweka saa tatu usiku, hata wakiweka namba ya siri, mlango umefungwa na dirisha liko wazi.

Binti Tanga

"Mjomba, mbona anaumwaumwa." Huyo mtoto mchukueni awe mchambuzi.

Dereva Msomi

Wakuu mmezunguka hadi Dakota, mmeniacha hapa Kariakoo.

Mwaka huohuo 1919 kina Shelby wanarudi Small Heath, vita vilevile vilikuwa vimepigwa na huku. Kariakoo tunayopandia daladala imepata jina kutoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, na Nairobi wana Kariokor yao kwa asili hiyohiyo. Wapagazi walibeba risasi na unga kichwani kutoka huku hadi Msumbiji, wakafa kwa maelfu na maelfu, wengi kwa kuhara na malaria kuliko risasi. Waliorudi walirudi kwenye nini? Nani alishika shamba walipoondoka? Shangazi wa nani aliendesha nyumba? Mdogo gani aliporudi alikuta kaka kauza mbuzi?

Mleta mada kama unaamini ni kikao cha ukoo, hicho hapo kimekaa tangu 1919, hakuna aliyekipiga picha. Sanamu tunayo, Askari wa mwaka 1927 pale Posta, tunaizunguka na honi. Hadithi hatuna.

Na jambo dogo la pembeni: kina Shelby kazi yao ni kuchezesha kamari. Mtaani kwetu kila kijana ana mkeka mfukoni. Anayeutazama ukoo ule kutoka upande wa aliyeliwa sijamsikia humu.

Kibanda Namba Tatu

Hiyo ya Kariakoo itengenezeni, kiingilio mwezi wa kwanza bure. Ila kreti ya bunduki iwepo. Nimeshajifunza.

Mwalimu wa Zamu

Tatizo ni hela. Ukitaka mtaa wa 1919 uondoe kila waya wa umeme, kila bati la rangi, kila nguzo ya simu. Wenzetu wana BBC nyuma yao na makumbusho yenye mtaa mzima uliohifadhiwa. Sisi Kariakoo nyumba zile za zamani za vyumba sita tumezivunja tukajenga ghorofa, na hata mimi nikilaumu, nguo zangu nanunua kwenye ghorofa hizohizo.

Mleta mada

Nimesoma yote. Binti Tanga umenitikisa, Mlezi umenipa kitu ambacho sikukiona. Kwa kikao bado sijashuka kabisa, ila leo nimeteremka ngazi moja, na nitaeleza kwa nini.

Jana nilimpigia simu yule jamaa wa msibani. Nikamwambia umeniachia swali, sasa nina uzi mzima wa watu wanagombana. Akacheka. Nikamuuliza tena, huangalii wembe, unaangalia nini?

Akaniuliza kama namkumbuka kabla hajaoa. Nikasema nakumbuka alikuwa kaskazini, anatafuta maisha. Akasema alikuwa mwanaapolo, mchimba tanzanite, Mererani, miaka minne chini ya ardhi. Nilikuwa najua, lakini najua kama mtu anavyojua kitu asichowahi kukiuliza.

Kule kuna kitu wanakiita mtobozano. Mnachimba kufuata mwamba, na wa shimo jingine nao wanachimba kufuata mwamba huohuo, mpaka mashimo yanakutana huko chini gizani, na mkikutana hamsalimiani. Anasema kabla ya kutobozana, siku mbili, tatu, unawasikia. Unazima mashine, unaweka sikio ukutani, unasikia nyundo za wenzio upande wa pili. Ko. Ko. Ko. Hujui wako wangapi wala wamebeba nini. Siku waliyotoboa, yeye alikuwa mbele.

Sasa Thomas Shelby vitani hakuwa wa bunduki tu. Kazi yake ilikuwa kuchimba mahandaki chini ya Wajerumani, nao Wajerumani wanachimba kuja kwao. Msimu wa kwanza, usiku akilala, anasikia sururu nyuma ya ukuta wa chumba chake. Anakodoa macho ukutani akisubiri watoboe.

Jamaa anasema hapo hupunguza sauti, kwa sababu mkewe amelala na hataki aamke amkute amekaa vile. Kisha huirudisha nyuma kidogo na kuisikiliza tena.